Ukiitwa kupimwa upya PTSD: mwongozo kamili kwa askari wa zamani wa jeshi la Marekani wanaoishi Unguja na Pemba

Wapo ndugu zetu waliokwenda Marekani wakaingia jeshini, wakapelekwa Iraq au Afghanistan, kisha wakarudi kuishi Fuoni, Makunduchi, Wete au Chake Chake. Baadhi yao wanalipwa fidia ya ulemavu na Idara ya Maveterani ya Marekani, VA, kwa sababu ya PTSD, yaani maradhi ya akili yanayomkaa mtu baada ya kupitia au kushuhudia jambo la kutisha: ndoto mbaya, kushituka, kukesha, hasira isiyo na kiasi, moyo kufa ganzi, kukimbia kila kinachokumbusha yaliyotokea. Madaktari wa akili wa Marekani waliyaingiza rasmi kwenye orodha yao ya maradhi mwaka 1980.

Fidia hiyo hulipwa hata kwa anayeishi nje ya Marekani. Lakini baada ya muda inaweza kuja barua ya kumwita mtu apimwe upya, ili ijulikane kama hali yake imebaki vilevile, imezidi au imepungua. Wengine huiona barua hiyo kama hukumu iliyokwishatoka. Wengine huitia kwenye mtoto wa meza wakainyamazia, na hao ndio wanaoumia zaidi.

Mwongozo huu unahusu VA tu. Aliyetumikia JWTZ au KMKM ana taratibu zake nyingine, ingawa sehemu ya kukusanya ushahidi nyumbani inaweza kumfaa na yeye.

Kwanza: jua kama kweli wewe ni wa kuitwa

Kanuni inayotawala jambo hili ni ya 3.327, katika juzuu ya 38 ya kanuni za serikali kuu ya Marekani. Inasema kwamba pale ambapo maradhi yanaweza kubadilika, uchunguzi wa marudio hupangwa kati ya miaka 2 na miaka 5 tangu ule wa mwanzo. Kuna wanaoitwa mapema zaidi: askari aliyeachishwa jeshi kwa sababu ya maradhi ya akili yaliyotokana na tukio zito hupewa kiwango cha ulemavu kisichopungua asilimia 50, na kanuni ya 4.129 inataka apimwe tena ndani ya miezi 6 tangu alipoachishwa.

Si kila mtu huitwa. Kwa kawaida VA haipangi uchunguzi wa marudio kwa mtu aliyezidi umri wa miaka 55, wala kwa ambaye dalili zake zimekaa miaka 5 au zaidi bila nafuu ya maana, wala kwa ambaye ulemavu wake umeandikwa kuwa wa kudumu. Vilevile haina haja ya kukuita ikiwa kiwango cha PTSD hata kikishushwa jumla ya asilimia zako zote haitabadilika. Tafuta barua yako ya uamuzi wa mwanzo uisome yote, hasa mwisho wake. Humo ndimo utakapokuta kama imeandikwa kwamba hakuna uchunguzi mwingine unaokusudiwa.

Ukiona umeitwa na wewe una miaka 58, usikatae kwenda. Andika mara moja kuuliza kwa nini umeitwa, ukitaja kanuni, huku ukijiandaa kama atakayehudhuria. Anayegoma kwa kuwa haki iko upande wake hujikuta anapambana na mambo mawili kwa pamoja, la uchunguzi na la kutohudhuria.

Na kama jeshi lenyewe lilikuweka kwenye orodha ya wastaafu wa muda kwa sababu ya ulemavu, hiyo ni njia nyingine kabisa. Huko unapimwa angalau kila miezi 18, na kwa walioingizwa kuanzia Januari 2017 mwisho wa kukaa kwenye orodha ni miaka 3. Mtu anaweza kuitwa na jeshi na akaitwa na VA pia, na kwenda kwa mmoja hakumtoshelezi mwengine.

Pili: anwani na tarehe

Hapa ndipo watu wa visiwani wanapoangukia. Majumbani kwetu hakuna posta inayogonga mlango. Barua hutoka Pittsburgh, ambako ndiko mafaili mengi ya wanaoishi nje ya Marekani hushughulikiwa, ikaja hadi kwenye sanduku la posta, mara nyingi sanduku la skuli au la ofisi ya jamaa, na hapo ikasubiri mtu akumbuke kulifungua. Siku za kujibu huhesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua. Siku uliyoishika mkononi haina hesabu.

Kwa hiyo fungua akaunti yako kwenye tovuti ya VA uwe unasoma barua zako humo. Weka njia ya kuthibitisha kuingia isiyotegemea laini ya simu ya Marekani ambayo huenda imeshakatwa. Programu ya simu inayotoa namba za siri inafanya kazi hata ukiwa Micheweni, ilimradi umeisajili mapema. Rekebisha anwani, namba ya simu yenye +255, na baruapepe unayoifungua kweli. Umchague na mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini, mke, dada au mtoto mkubwa, ajue kwamba bahasha yoyote ya VA ifunguliwe siku hiyohiyo.

Uchunguzi wenyewe mara nyingi hupangwa na kampuni iliyopewa kandarasi na VA, si VA yenyewe. Simu ya namba ya kigeni ikiita saa mbili za usiku inaweza kuwa ni wao, kwani huko pwani ya mashariki ya Marekani ndiyo kwanza ni mchana. Sisi tuko mbele yao kwa saa 7 au 8 kulingana na majira. Ila tahadhari: anayekupigia akakuomba namba ya benki au malipo ili "akupangie nafasi" ni tapeli. Uchunguzi huu haulipiwi na anayechunguzwa.

Tatu: usikose kwenda

Kanuni ya 3.655 iko wazi. Anayelipwa fidia akikosa uchunguzi wa marudio bila sababu ya maana, VA humwandikia kwamba inakusudia kupunguza au kusimamisha malipo, na humpa siku 60 za kueleza kwamba yuko tayari kupimwa au kuleta ushahidi wake. Sababu ya maana ni kama kulazwa, maradhi, au kufiwa na mtu wa karibu. Boti ya kutoka Mkoani iliyoahirishwa kwa upepo nayo ielezwe, pamoja na tiketi yake.

Ukiona tarehe haikufai, omba nyingine kabla haijafika. Kama imeangukia Ramadhani na unajua kwamba saum pamoja na kukosa usingizi vinakuzidishia, si aibu kuomba isogezwe. Kama Kiingereza chako kimeota kutu, au moyo wako husema vizuri zaidi kwa Kiswahili, uliza mapema kuhusu mkalimani. Mtoto wako asiwe mkalimani wa jambo hili. Yapo utakayoyaficha kwa ajili yake.

Nne: fahamu kinachopimwa

Daktari wa uchunguzi huu hakutibu. Anajaza fomu, na katika fomu hiyo kuna sehemu ya dalili na sehemu ambayo lazima achague jibu moja tu: maradhi haya yanaathiri kazi na maisha ya kijamii kwa kiasi gani. Kutokana na hayo VA hutoa kiwango cha asilimia 0, 10, 30, 50, 70 au 100.

Kwa lugha nyepesi, asilimia 30 ni ya mtu ambaye kwa jumla anajimudu ila mara mojamoja hushindwa na kazi. Asilimia 50 ni ya ambaye kutegemewa kwake kumepungua: hofu humpanda zaidi ya mara moja kwa wiki, husahau, hupata taabu kuwa na watu. Asilimia 70 ni ya ambaye ameharibikiwa karibu kila upande, kazini, nyumbani, katika fikra na katika hali ya moyo, na mawazo ya kujiua yametajwa hapo. Asilimia 100 ni kushindwa kabisa, kazi na jamii pia. Si lazima uwe na kila dalili iliyotajwa. Kinachoangaliwa ni uzito wa jumla.

Sasa lipo jambo ambalo kwetu lina uzito kuliko kwengine. Mtu hurudi kutoka vitani akakaa mji wa shamba, Pemba, penye mikarafuu na kimya. Haendi sokoni. Harusini haendi. Ijumaa husali safu ya mwisho, karibu na mlango, au husali nyumbani. Mke ndiye anayekwenda benki, kaka ndiye anayesimamia uchumaji wa karafuu. Halafu anaulizwa, "Hofu inakupanda mara ngapi?" Anajibu kwa ukweli kabisa: "Siku hizi si sana." Daktari anaandika kwamba amepata nafuu.

Hajapata nafuu. Amejizungushia maisha madogo ili asiguswe, na familia nzima inambebea mzigo. Kanuni ya 3.344, inayolinda viwango vilivyokaa miaka 5 au zaidi, inataka nafuu iwe ya kudumu na iwe chini ya hali za kawaida za maisha. Mahakama ya rufaa za maveterani nayo ilieleza mwaka 1993, hata kwa viwango vya chini ya miaka 5, kwamba kupungua kwa dalili pekee hakutoshi: lazima uwezo wa mtu kuishi na kufanya kazi katika hali za kawaida uwe umeongezeka kweli. Kwa hiyo ukiulizwa kuhusu utulivu wako, eleza na unavyoupata: nani anafanya nini badala yako, na nini kilitokea mara ya mwisho ulipotoka nje ya mzunguko wako.

Tano: kusanya ushahidi kabla hujaitwa

Anza na daftari la kawaida la skuli. Kila siku mistari miwili au mitatu: umelala saa ngapi, umeota nini, umegombana na nani, umeshindwa kwenda wapi. Andika na siku nzuri, kwa sababu daftari lenye mabaya matupu haliaminiki, na wewe mwenyewe unahitaji kujua ni nini kinakufaa. Andika siku zenye milipuko. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari, fataki za Mapinduzi zinapopasuka usiku wa manane, ulikuwa wapi na ulifanya nini? Sikukuu, watoto wanapochezea baruti mitaani? Kama wewe ni mtu wa Makunduchi, ulikaa wapi siku ya Mwaka Kogwa, watu wakipigana kwa migomba na kibanda kikichomwa moto?

Kisha mashahidi. VA inayo fomu ya maelezo ya shahidi, namba 21-10210, na mtu yeyote anayekujua anaweza kuijaza. Shahidi asiandike "ana PTSD kali", kwani yeye si daktari. Aandike alichokiona kwa macho yake. Tumchukue mtu wa kubuni, tumwite Hamadi, na tuangalie maelezo mawili ya mkewe. La kwanza: "Mume wangu anateseka sana na hali yake ni mbaya." La pili: "Tangu mwaka jana analala sebuleni, mgongo ukutani, taa inawaka. Mara nyingi huamka usiku akazunguka nyumba kuangalia milango. Mwezi wa Mfunguo Mosi alimkaba mdogo wangu aliyemgusa bega amelala. Tangu hapo watoto wameambiwa wamwamshe kwa kumwita kutoka mlangoni." La pili ndilo linalobeba kitu.

Mwajiri wa zamani anafaa sana. Kama uliacha kazi kwenye hoteli ya Nungwi kwa sababu muziki wa usiku ulikushinda, msimamizi wako anaweza kuandika ulikosa kazi mara ngapi na uliondokaje. Kama una duka na kwa kweli anayeuza ni mwanao, mwanao aandike hivyo. Usifiche kazi unayoifanya. Ieleze jinsi ilivyo, saa ngapi, kwa msaada gani, na mara ngapi umeiacha katikati.

Sheha naye anaweza kuthibitisha makaazi yako na kueleza aliyoyaona, kwa mfano ugomvi ulioletwa kwake. Lakini shehia ni ndogo na maneno hutembea. Huna wajibu wa kumwambia sheha jina la maradhi yako. Mwambie tu unahitaji maelezo ya tukio fulani alilolishuhudia. Najua wapo wanaoacha haki yao ipotee kuliko kusikia jirani akinong'ona kwamba wana wazimu, na siwalaumu. Ndiyo maana nasema mashahidi wachache wanaojua kunyamaza wanatosha.

La mwisho na la muhimu ni matibabu. Faili lisilo na daktari kwa miaka 3 husomwa kama faili la mtu mzima wa afya. Unguja ipo hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu, na ipo Mnazi Mmoja. Kwa Pemba anzia hospitali ya Chake Chake, Wete au Abdalla Mzee, Mkoani, uulize huduma ya afya ya akili. Omba kila ziara iandikwe: tarehe, dalili, dawa, jina na saini ya daktari, muhuri. Yaliyoandikwa kwa Kiswahili yaambatanishe na tafsiri ya Kiingereza. VA pia ina mpango wa matibabu kwa walio nje ya Marekani, unaolipia matibabu ya maradhi ambayo imekubali kwamba yalitokana na jeshi. Jisajili kwa fomu 10-7959f-1, na weka risiti zote.

Kama unakwenda kusomewa, endelea ikiwa inakupa faraja, na hata kwa daktari ukiulizwa sema. Lakini kisomo kisichukue nafasi ya dawa, na dawa ya akili haiachwi ghafla kwa kuwa mtu amekwambia ni shetani. Na wapo wanaoogopa kutibiwa wasije wakapona wakakatwa pesa. Nawaomba kwa moyo wote wasifanye hivyo. Usingizi wa usiku mmoja uliotulia, na mtoto anayeweza kukurukia mgongoni bila hofu, havinunuliwi na asilimia yoyote.

Sita: siku ya uchunguzi

Sisi tumelelewa kujibu "sijambo" na "alhamdulillah" hata homa ikiwa inachoma. Daktari akiuliza hali, mtu wa Unguja hujibu njema kabla hajafikiri, kwa adabu na kwa shukrani. Katika chumba kile jibu hilo huandikwa kama lilivyo. Mshukuru Mungu, kisha uendelee: "Alhamdulillah nipo hai, lakini wiki hii nimelala usiku mbili tu."

Jibu kwa mifano ya karibuni, si kwa maneno ya jumla. Eleza siku zako mbaya na zinakuja mara ngapi, usieleze tu vile ulivyo asubuhi ile umevaa kanzu iliyopigwa pasi. Nenda na mke au ndugu hata kama ataishia nje; daktari akikubali kumsikiliza, ni faida. Usinywe pombe wala dawa ya usingizi usiyoandikiwa ili kujituliza. Usiongeze chumvi pia. Daktari mzoefu huitambua, na udanganyifu huondoa kila kinga ambayo sheria imekupa.

Kuhusu mawazo ya kujiua. Dini yetu inakataza kujiua, na kwa sababu hiyo watu wengi hukana hata kwamba wazo limewahi kuwapitia. Kupitiwa na wazo ni dalili ya maradhi. Ukiulizwa, sema kweli. Na kama wazo hilo lipo sasa hivi unaposoma, acha habari za fidia, mwambie mtu aliye karibu nawe, mwende hospitali leo. Maveterani wana pia huduma ya dharura ya VA ya kuzungumza kwa maandishi mtandaoni, usiku na mchana.

Uchunguzi ukimalizika, andika siku hiyohiyo ulichoulizwa, ulichojibu, na ulichukua muda gani. Kisha omba nakala ya ripoti kutoka VA. Ripoti inayosema uliongea saa nzima wakati ilikuwa robo saa ni jambo la kupingwa, na utalipinga kwa maandishi yako ya siku ile.

Saba: ikija barua ya kusudio la kupunguza

Kusudio bado si uamuzi. Pale ambapo malipo yatapungua, VA lazima kwanza ikuandikie ikieleza sababu, na tarehe ya barua hiyo inaanzisha hesabu mbili za siku kwa pamoja. Una siku 60 za kupeleka ushahidi. Una siku 30 za kuomba kusikilizwa ana kwa ana, na ukiomba ndani ya hizo 30 malipo yako yanaendelea kwa kiwango kilekile hadi usikilizwe na uamuzi utolewe. Kwa mtu wa huku, ambaye barua inaweza kumfikia wiki tatu zimeshapita, ombi la kusikilizwa ndilo la kwanza kupelekwa, tena kwa njia ya mtandao, siku unayoisoma barua. Ushahidi utafuata.

Halafu angalia miaka. Kiwango chako kimekaa miaka 5? Basi uchunguzi mmoja hautoshi kukishusha isipokuwa ushahidi wote kwa jumla unaonyesha wazi nafuu ya kudumu, na uchunguzi mpya usiwe pungufu kuliko ule uliokupa kiwango hicho. Miaka 10? VA haiwezi tena kufuta kukubali kwake kwamba maradhi yalitokana na jeshi, ila kwa udanganyifu, au ikiwa kumbukumbu za jeshi zinaonyesha wazi kwamba hukuwa na utumishi unaostahiki. Miaka 20 mfululizo? Kiwango hakishushwi chini ya hapo, ila kwa udanganyifu.

Jibu lako lijengwe juu ya mambo yaliyoandikwa kwenye barua, moja baada ya jengine. Wakisema unashirikiana na jamii kwa sababu unakwenda msikitini, shahidi wako aeleze unakaa wapi msikitini na unaondoka lini. Tafuta mwakilishi mwenye idhini ya VA. Vyama vya maveterani kama DAV, VFW na American Legion husaidia bila malipo hata kwa aliye nje ya nchi. Na wakati huu wa mvutano usiombe kuongezewa asilimia bila kushauriana naye, kwa sababu ombi la kuongezewa hufungua faili zima upya.

Uamuzi wa mwisho ukitoka dhidi yako, kupunguzwa hakuanzi papo hapo: malipo ya zamani huendelea hadi mwisho wa mwezi ambamo siku 60 za taarifa ya uamuzi huo zinatimia. Kuanzia tarehe ya uamuzi una mwaka 1 wa kuchagua njia moja kati ya tatu: kupeleka ushahidi mpya kwa fomu 20-0995, kuomba afisa wa juu alitazame faili lilelile bila ushahidi mpya kwa fomu 20-0996, au kukata rufaa kwenye Bodi ya Rufaa za Maveterani kwa fomu 10182. Kama ripoti ya daktari ndiyo yenye kasoro na unayo maelezo mapya ya daktari wako wa Kidongo Chekundu au wa Chake Chake, ningeanza na ya kwanza.